Mayai Chini ya Mchongoma

Nyumbani kwangu mjusi hapigwi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza anayoisikia mgeni, kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo. Nimewaona watu wazima, na vitambi vyao na heshima zao, wakivua kandambili kwa kasi wasiyokuwa nayo kazini, eti kwa sababu mjusi kafiri kachungulia nyuma ya pazia. Huwa nawauliza: amekuuma? Amekutukana? Amekula chakula chako? Wanacheka, wanasema, "Mwalimu nawe kwa vituko!" kisha wanavaa kandambili zao. Mimi sicheki nao. Mtu anayetaka kumuua asiyemdhuru, halafu akae kwenye kiti changu anywe chai yangu, simwelewi hata kidogo.

Mimi ni mtu wa bara, wa milimani kwenye baridi, na nilipopangiwa kufundisha shule ya msingi Dar es Salaam nilikodi chumba Mwananyamala nikiwa sina ndugu wala rafiki mjini. Kiumbe pekee niliyeishi naye alikuwa mjusi aliyekaa nyuma ya kalenda. Taa ikiwaka jioni alitoka, akasimama karibu na balbu, akawadaka mbu mmoja mmoja kwa utulivu kama mtu anayekula karanga. Nikirudi kazini nilimsalimia na kumpa habari za siku. Wapangaji wenzangu wakaanza kunong'ona kwamba mwalimu anaficha mwanaume. Ndivyo nilivyoanza kuwapenda mijusi, kwa upweke, na sioni haya kusema hivyo.

Baadaye nilihamia Tegeta, ndani kabisa, mbali na barabara ya Bagamoyo na foleni zake. Wakati ule mtaa wetu ulikuwa vichaka na vichuguu. Leo kila nyumba imejifungia ndani ya ukuta wenye nyaya juu, na uwanja mzima umefunikwa vitofali vya saruji, hata mvua ikinyesha maji hayana pa kwenda. Mimi nilibaki na uzio wa michongoma. Niliupanda kwa mikono yangu, ukakua, ukanenepa, ukaota miiba ya kumliza mwizi. Humo ndani waliishi mijusi wa mistari wenye mkia wa buluu, na yule mkubwa ambaye wanafunzi wangu husema anapiga pushapu juu ya kisiki, na vinyonga. Majirani walinitania kwamba mwalimu amejenga zizi la ng'ombe. Niliwajibu kwamba ng'ombe wapo kweli, ila wako upande wa nje.

Kila Jumamosi alipita mchuuzi wa dawa na spika yake, sauti iliyorekodiwa ikirudia bila kuvuta pumzi: dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya panya, dawa ya mijusi. Akifika mbele ya nyumba yangu alikuwa anaizima, anapita kimya, kisha anaiwasha tena mbele kidogo. Nilikuwa nimemfokea mara moja tu, lakini nilimfokea vizuri.

Upande wa pili wa michongoma aliishi jirani yangu, mama wa makamo wa ukoo wa Kiarabu, watu wa maduka tangu enzi za babu zao. Siku ya Idi alinipitishia sahani ya vileja kwenye upenyo wa uzio, na Krismasi nami nikampitishia ndizi za kwetu. Jambo moja tu hatukuelewana. Yeye alitaka ukuta.

"Mwalimu, miba hii italeta nyoka," alikuwa akisema.

"Miba nimepanda mie, jirani. Nyoka wakija nitawapokea mie."

Anacheka, yanaisha. Yaliisha hivyo miaka yote, mpaka mwaka ambao mdogo wangu alikuja kukaa kwangu kwa ajili ya mimba yake.

Mdogo wangu huyu ni kitinda mimba wetu. Nilimbeba mgongoni kabla sijaweza kubeba ndoo ya maji. Nilipopata kazi nikamleta mjini, nikamsomesha, akaolewa na mfanyabiashara mpole anayesafiri kila mara kufuata mizigo Tunduma. Walichokosa ni mtoto. Mimba zake zilikuwa hazikai. Zilitoka changa, na kila moja ilipotoka alizidi kuwa mtu wa maneno machache, yeye ambaye utotoni alikuwa anaongea mpaka usingizini.

Hii ya safari hii ilikaa. Tumbo likaonekana, likachomoza. Daktari akamwambia alale, asipande ngazi, asinyanyue kitu, nao walikuwa wamepanga ghorofani. Ndipo akaja kwangu. Nikampa chumba changu chenye dirisha linalotazama michongoma, kwa sababu kina hewa. Siku ile ile aliyofika, akiwa anakunja nguo zake kitandani, aliniambia bila kuniangalia, "Dada, hii nayo ikitoka, mie sijaribu tena. Nimechoka." Nikamwambia haitatoka. Nilisema kwa ukali wa darasani, kana kwamba mimba ni mwanafunzi mtoro.

Mama yetu akapanda basi kutoka bara kuja kumwangalia. Mama amezaa watoto wengi na amezika baadhi yao, na katika kuzika huko alijikusanyia miiko kama mtu anayejikusanyia kuni za masika. Mjamzito asile mayai. Asisimame mlangoni. Asivuke kamba ya mbuzi. Kubwa kuliko yote, asimwone kinyonga. Kwetu inasemwa kinyonga jike hazai kama viumbe wengine. Siku yake ikifika hupanda juu ya mti, hujiachia, tumbo hupasuka, na watoto hutambaa kutoka kwenye maiti ya mama yao. Mjamzito akimtazama kinyonga, basi na yeye ameonyeshwa njia hiyo: atakufa yeye, au atakufa mtoto.

"Mama," nilimwambia, "vinyonga wa hapa wanataga. Wanachimba shimo, wanataga mayai, wanafukia, wanaondoka zao."

"We umezaa wangapi?"

Nikainama kuokota jani la mboga lililoanguka.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," akasema, akarudi kuchambua mboga zake. Sikuolewa wala sikuzaa, na nyumbani kwetu hoja yoyote ile, hata ya bei ya nyanya, huweza kumalizwa kwa njia hiyo.

Na ndani ya michongoma, kwa bahati yetu mbaya, alikuwemo mmoja jike, na tumbo lake lilikuwa limejaa. Nilikuwa nikimjua tangu mvua za vuli zilipoanza. Alikuwa wa kijani cha majani mabichi, na akikasirika aliingia madoa meusi, akapanua kinywa chenye rangi ya chungwa ndani na kunifukuza kwa mlio kama wa tairi linalotoa upepo. Hana meno ya kumuumiza mtu, hana sumu, ana hasira tu, na kwa hilo tulifanana. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilimtafuta. Nikimkuta karibu na dirisha nilimpandisha kwenye kijiti na kumhamishia upande wa mbali, ili Mama asimwone akachukua fimbo, na mdogo wangu asimwone akaingiwa na hofu. Alinichukia kwa moyo wake wote. Kesho yake nilimkuta amerudi palepale.

Jumapili moja Mama alikwenda kanisani, mimi nikabaki na mgonjwa. Nilikuwa naosha vyombo nyuma nikasikia naitwa, kwa sauti ya chini.

"Dada. Njoo fasta, ila usikimbie."

Nikajua. Nilifuta mikono kwenye kanga huku nikitunga maneno ya kumtuliza. Nilipofika mlangoni sikumkuta analia. Alikuwa amekaa kitandani, viwiko juu ya dirisha, kidevu juu ya mikono, kama alivyokuwa akikaa utotoni kutazama mvua. Chini ya mchongoma, hatua chache kutoka dirishani, kinyonga alikuwa anachimba. Alichimba kwa mikono ya mbele, akasukuma udongo nyuma kwa miguu, akapumzika, akaanza tena.

"Dada, na yeye si ana mimba?"

Nilifikiria kudanganya. Nikaona haifai.

"Anayo."

"Basi anachimba kaburi lake. Si ndo Mama anavyosema?"

"Anachimba pa kutagia. Tulia utazame."

Tulitazama. Namshukuru mchungaji wa siku ile kwa mahubiri marefu, maana kinyonga hana haraka na mtu. Alipomaliza shimo aligeuka, akaingia kinyumenyume, kikabaki kichwa tu nje. Jicho moja lilitazama juu kwenye matawi, jingine likatutazama sisi. Mdogo wangu aliweka mkono tumboni na hakuuondoa. Nilikuwa nimekaa nyuma yake kitandani, bega langu linamgusa, na nilisikia pumzi yake ikipungua kasi mpaka ikawa ya mtu aliyeshiba.

Alipotoka shimoni alikuwa kitu kingine, mwembamba, ngozi ya ubavuni inaning'inia. Akafukia shimo lake. Akashindilia kwa miguu, akavuta na majani makavu juu, kwa uangalifu ambao sijauona kwa mafundi wengi wa mji huu. Kisha akashika shina, akaanza kupanda kwa ule mwendo wake wa kinyonga, hatua moja, anatafakari, hatua nyingine.

"Kumbe hapasuki," mdogo wangu akasema. Akacheka. Akafuta machozi, akacheka tena. "Miaka yote hii Mama katudanganya."

"Hakutudanganya. Na yeye alidanganywa."

Akataka kujua watatoka lini. Nikamwambia nilichokuwa nimesoma, kwamba mayai yale hukaa ardhini karibu mwaka mzima, watoto hutoka mvua za vuli zikianza tena. Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza.

"Wa kwangu atakuwa anakaa. Labda hata anatambaa." Akanigeukia. "Utanipigia, dada. Wakitoka tu nipigie, hata kama tumegombana. Nitamleta awaone."

Akanituma niweke alama. Nikaokota mawe, nikayapanga duara kuzunguka pale palipofukiwa, naye akielekeza kutoka dirishani, hilo sogeza, hilo la pembeni kubwa mno. Mama aliporudi na Biblia yake kwapani akauliza mawe ya nini. Nikasema natengeneza bustani ya maua. Akafurahi, akasema ni vizuri, nyumba ya mwanamke haikosi maua. Nyuma yake mdogo wangu alikuwa amejiziba mdomo kwa mto. Nilikuwa sijamwona na furaha kama ile tangu alipoolewa, na siku zilizofuata tulikuwa tukikonyezana mezani kama watoto walioficha sukari.

Uchungu ulimjia kabla ya wakati, mchana mmoja nikiwa shuleni. Jirani yangu ndiye aliyempeleka hospitali kwa gari lake, na Mama kiti cha nyuma akimshikilia. Nilipofika niliwakuta wote wawili kwenye benchi, mkono wa yule jirani uko mgongoni kwa Mama, na sikuhitaji kuuliza. Alikuwa mtoto wa kike. Alitoka bila sauti. Walimfunga kwenye kanga mpya ambayo Mama alikuwa ameileta kutoka bara kwa ajili yake, na Mama akaniambia, kana kwamba ni habari itakayonisaidia, kwamba alikuwa na nywele nyingi.

Shemeji alifika kutoka safarini, na kesho yake asubuhi yeye na wanaume wachache walikwenda kuzika. Mimi nilikuwa wodini. Nilikuwa nimeleta uji kwenye chupa ya chai. Mama alikaa mwisho wa kitanda, akishika nyayo za mdogo wangu ndani ya shuka na kuzisugua taratibu, kama anazipasha moto.

"Mwanangu," akasema. "Uliona nini?"

Hakuuliza kwa kushutumu. Naijua sauti ya Mama akishutumu. Aliuliza kama mtu aliyebeba mzigo mzito na anatafuta tu pa kuutua. Mdogo wangu alikuwa amefumba macho.

"Kinyonga."

Mama akaweka kiganja mdomoni. "Wapi?"

"Dirishani pale." Kisha, bila kufumbua macho: "Dada alinionyesha."

Nilikuwa nimesimama na chupa mkononi. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, fupi, yenye ukweli: wewe ndiye uliyeniita. Nilitazama midomo yake iliyokauka. Matiti yake yalikuwa yamelowesha gauni la hospitali, maana mwili haukuwa umeambiwa. Alihitaji mtu wa kumkasirikia asiyekuwa yeye mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa karibu, kama nilivyokuwa karibu siku zote. Sikuisema. Iliniuma, sitaficha, iliniuma mpaka meno. Nikamimina uji, nikauweka juu ya meza. Hakuunywa.

Mama alitangulia kurudi nyumbani asubuhi ile. Nilipofika mimi, mchana, niliona moshi tangu kona ya mtaa. Lisemwalo lipo, Mama na jirani watakuwa waliambizana, na safari hii halikuwa tena jambo la kulisubiri. Vibarua wa jirani walikuwa wamekata michongoma yote, kuanzia upande wa dirisha, wameilundika, wameiwasha. Kinyonga walikuwa wamemkuta juu ya tawi, karibu na palepale alipotaga. Walimmwagia mafuta ya taa wakamchoma kwanza yeye peke yake, kwa sababu hakuna aliyetaka kumgusa. Kibarua mmoja alinisimulia kwa bidii, akidhani ananiletea habari njema, kwamba alikuwa anabadilika rangi mpaka mwisho. Mkuki kwa nguruwe.

Mijusi wa mistari walikuwa wanakimbia uwanjani kwenye jua kali, wanakwenda upande huu, wanarudi, hawana pa kuingia. Kunguru walishuka kutoka kwenye nyaya za umeme, hawakuwa na haja hata ya kuharakisha. Nilikimbia katikati yao nikipiga makofi na kupiga kelele, mwanamke mzima mwenye mvi, mkoba begani. Mama alisimama kwenye kibaraza, mikono kifuani, analia. Nilitaka kumfokea kama nilivyomfokea yule mchuuzi wa spika. Nilimtazama nikaona kanga yake ya ndani imefungwa juu ya ile ya nje. Alikuwa amevaa hivyo tangu jana. Sikuweza.

Jirani alinijia polepole. "Pole mwalimu. Mola amjaalie subira mdogo wako. Sasa tujenge ukuta, yaishe."

Nilikuwa sina tena uzio wa kuutetea. Nilimwonyesha duara la mawe, ambalo vibarua hawakuligusa kwa kudhani ni bustani.

"Jenga. Lakini ukuta upinde pale, upite nyuma ya hayo mawe."

"Upinde? Kwa ajili ya maua?"

"Kwa ajili ya maua."

Hakukuwa na ua hata moja. Alitazama mawe, akatazama dirisha, akanitazama mimi, na nadhani alielewa. Ni mtu mzima, amezaa, na alikuwa anaogopa vinyonga kama wengine. Lakini aliitikia. Akamwita fundi wake mbele yangu, akamwambia upinde pale, asiulize kwa nini. Ukuta ule umepinda mpaka leo, na kila mgeni anauliza fundi alikuwa amekunywa nini.

Mafundi walikuja siku ya kazi. Niliondoka asubuhi nikiwa nimeyaona mawe yangu yako mahali pake, nikawasisitizia tena pasichimbwe. Niliporudi mtaro ulikuwa umepinda sawasawa, msingi umejazwa, kazi safi. Ila fundi anahitaji mahali pa kukorogea zege. Anataka mahali palipo tambarare, pasipo visiki wala miiba, karibu na mtaro. Uwanja mzima ulikuwa visiki vya michongoma, isipokuwa pale kwangu, nilipokuwa nikipasafisha kila siku. Walitoa mawe wakayatia kwenye msingi, kwa kuwa yalikuwa mawe mazuri. Wakamwaga mchanga, kokoto na saruji, wakatia maji, wakageuza kwa sepetu kutwa nzima, na yaliyobaki yakaachwa pale yakaganda.

"Mama, hatujapachimba hata kidogo," fundi akaniambia, anafuta jasho, anatabasamu. "Na ukuta umepinda kama ulivyotaka."

Nilimwambia ahsante. Sijui nilipata wapi neno hilo.

Mdogo wangu hakurudi kwangu. Alitoka hospitali akaenda kwake na mumewe, na shemeji ndiye aliyekuja kuchukua nguo zake, macho yake yako chini, ananiita dada kwa upole ule ule. Nilimpigia simu, hakupokea. Nilimtumia ujumbe, hakujibu. Nilikwenda mpaka mlangoni kwake mara moja, nikaambiwa amelala, na nyuma ya pazia niliona vidole vya miguu yake. Mama naye alirudi bara. Kwenye kituo cha basi aliniaga kwa mkono, akaniambia nisiache kusali. Hakunikumbatia.

Niliacha lile zege lilivyo. Nilijiambia kwamba udongo ni mzito, maji ya saruji hayakufika chini, kinyonga yule alichimba kwenda chini sana, nilimwona mwenyewe. Nilijiambia hivyo masika nzima. Kipupwe kilipoingia nikaona kama wamo hai basi hawatapata pa kutokea, nikaazima sururu kwa jirani. Nilivunja taratibu, vipande vidogo vidogo, nikapiga magoti nikafukua kwa kijiko. Mayai niliyakuta. Yalikuwa yamenywea kama zabibu kavu, mengine yameshikana na udongo wa kijivu uliogeuka jiwe. Niliyarudishia udongo wake. Sikuyahesabu.

Sasa nyumba ina ukuta pande zote. Jioni mbu wanaingia wanavyotaka. Ndani nimebakiwa na mjusi mmoja juu ya mlango wa jikoni, naye hajaonekana tangu jirani alipoleta watu wa kupuliza dawa kwake na upepo ukaivushia kwangu. Kunguru wanakaa juu ya ukuta asubuhi, wanatazama chini kwa mazoea. Mchuuzi wa dawa bado anaizima spika yake akifika mbele ya nyumba yangu. Sijawahi kumwambia kwamba hakuna tena ninayemlinda.

Mvua za vuli zimeanza wiki hii. Jana simu ikaita nikiwa nasahihisha madaftari, nikaona jina lake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu."

Nilisikia mvua kwake, na mvua kwangu.

"Huko imenyesha?"

"Imenyesha vizuri."

"Wale." Akaanza upya. "Wale walitoka?"

Kutoka nilipokaa naliona lile zege lililovunjika. Maji yalikuwa yametuama katikati, matone yanagonga.

"Walitoka," nikasema.

"Lini?"

"Juzi asubuhi."

"Wakoje?"

"Wadogo, kama njiti za kiberiti. Wanatembea vilevile, hatua moja wanafikiri."

Nilimsikia akicheka puani, kidogo sana.

"Wote wazima?"

"Wote."

"Ulisema utanipigia."

"Niliogopa." Hilo lilikuwa kweli.

Nilimsikia akifunga dirisha, mvua ya kwake ikapungua sauti.

"Afadhali wa kwake," akasema. Kisha akalia, na mimi nikalia, hatukuambizana pole wala samahani, tulilia tu mpaka akajipenga. Kuhusu maneno ya wodini hakusema kitu, nami sikumkumbusha. Alisema anataka kuja kuwaona. Nikamwambia aje. Ningemwambiaje?

Leo baada ya shule sikwenda nyumbani. Nilitembea na mwavuli mtaa baada ya mtaa, matope mpaka kwenye vifundo, natafuta uzio wowote wa majani uliobaki, wa michongoma, wa minyaa, wa chochote, nipate kinyonga hata mmoja mdogo. Niliuliza watu, wakanishangaa, wengine wakasogea pembeni. Nilifika mpaka kule nyumba zinakoishia kwenye machimbo ya kokoto. Huko kote ni kuta tupu, na mageti. Mdogo wangu anakuja Jumapili.